Mke Wangu Ananisahau kwa Lugha Nisiyoijua

Mpendwa Shangazi Sada,

Nakuita Shangazi kama wasomaji wako wote, ingawa huenda kwa umri wewe ni mwanangu, na naomba msaada wako huku nikijua kwamba mwenyekiti wetu Mzee Luhende, ambaye ni Msukuma na mtani wangu, akiliona gazeti hili atauliza Mhaya ameshindwa na jambo gani mpaka akaandika bila kutaja vyeti vyake.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Buhongwa. Kwetu ni Kyaka, kando ya mto Kagera. Tuliondoka kwa miguu vita ilipoingia mwaka 1978, nikiwa kijana, na ilipokwisha sikurudi kuishi, kwa sababu nyumba haikuwepo na wazazi wangu walikuwa wamefia njiani, basi nikapangiwa shule huko Magu, na Magu ndiko nilikomkuta Getruda, muuguzi wa kituo cha afya, Mjita wa Majita, upande wa Musoma. Yeye hakujua Kihaya na mimi sikujua Kijita, kwa hiyo tulichumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, tukapatana kwa Kiswahili, na watoto tukawalea hivyo hivyo, tena kwa kujivunia, maana kizazi chetu kiliamini kwamba kilugha kinagawa watu. Kihaya changu mwenyewe siku hizi nakisikia ndotoni tu.

Tulipostaafu tulijiunga na umoja wa wastaafu wa hapa mtaani, huo anaouongoza Mzee Luhende. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, tunakunywa chai na viazi vitamu, kisha anakuja mgeni kutoa mada: daktari wa macho, mwanasheria wa mirathi, mtu wa presha na sukari. Kwa kuwa tumo Wasukuma, Wajaluo, Wakerewe na wengineo, tuliweka sheria kwamba ukumbini ni Kiswahili tu, na anayeteleza kwenye kilugha anainunulia meza yake soda. Sheria hiyo ilituchekesha miaka mingi. Getruda aliipenda mikutano ile. Kitenge alikipiga pasi tangu Ijumaa, na wageni aliwauliza maswali mpaka wakatokwa jasho.

Halafu akaanza kusahau. Hospitali walituambia ni maradhi ya ubongo yanayokuja na uzee, na kwamba hayaponi. Kwanza alisahau sufuria motoni, baadaye majina ya wajukuu, na sasa, Shangazi, Kiswahili chenyewe kinamtoka, yaani alikuwa anaanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kijita, na siku hizi anaanzia huko huko. Ananiambia jambo, namletea maji, anatikisa kichwa, namletea kanga, anatikisa kichwa, mpaka analia, na mimi naingia stoo nalia peke yangu, kisha natoka tunakunywa uji.

Mwezi uliopita mgeni wetu alikuwa bwana mifugo, kijana anaitwa Nestory, akatueleza habari za kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku. Katikati ya maelezo Getruda akasimama na kuuliza swali kwa Kijita. Mtu mmoja, kwa mazoea tu, akapaza sauti, "Mama, hiyo soda!" Ukumbi ukacheka. Getruda akatuangalia mmoja mmoja, akadhani tunacheka nguo yake, akaanza kuinyoosha kwa viganja. Kusema kweli nilitamani ardhi inimeze.

Lakini Nestory hakucheka. Aliweka chini karatasi zake akamjibu kwa Kijita. Kumbe naye ni wa huko. Uso wa mke wangu ulifunguka, Shangazi, wakaongea, akacheka kicheko ambacho mara ya mwisho nilikisikia tukiwa Magu, na hakuna aliyekumbuka soda tena.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata kijana kwenye pikipiki yake. Nikamuuliza walikuwa wanaongea nini.

"Mambo ya nyumbani tu, mzee."

"Mwanangu, nyumbani kwake ni mimi. Niambie."

Akaitundika kofia yake ngumu kwenye usukani. "Amenifananisha na kaka yake. Ameniomba nimrudishe kwao. Anasema hapa anakaa na mzee mmoja mpole sana, anamlisha vizuri, ila hajui watu wake ni akina nani. Anaogopa mama yake anamtafuta."

Mama yake alifariki kabla hatujaoana.

Tangu siku hiyo kila mtu ana la kuniambia. Mzee Luhende amekuja nyumbani, hakufanya utani hata kidogo, akasema, "Mwalimu, shemeji apumzike kwanza, wageni wanashindwa kuendelea." Shemeji yangu Odeta, mdogo wake Getruda aliyeko Majita, anasema nimpeleke, chumba kipo. Binti yetu Winnie anapiga simu kutoka Dodoma: "Baba, mpeleke, huko atapata watu wa kuongea nao, wewe utakuwa unamtembelea." Wana haki. Hapa kwangu mke wangu hana wa kuongea naye. Lakini mimi niliwahi kutoka kwetu nikidhani nitarudi baada ya wiki chache, na naogopa kwamba nikimwacha huko, nikirudi kumtembelea, hata yule mzee mpole hatakuwemo tena kichwani mwake. Je, nimpeleke, au nibaki naye hapa, tukae kimya wawili?

Mwalimu R., Buhongwa

*

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili niliisoma mlango nimeufunga. Pole. Pole sana. Sina dawa ya kukurudishia Getruda uliyemuoa, na yeyote atakayekuambia anayo anataka kukuibia.

Sasa uniwie radhi, nitakugombeza. Unauliza umpeleke au ubaki naye, kana kwamba Majita kuna mlango wa kupita mtu mmoja. Barua nzima ndefu, hakuna mahali umejiuliza kama wewe mwenyewe unaweza kwenda. Kwa nini? Naelewa kwamba mtu aliyetolewa kwao na bunduki huishikilia nyumba ya pili kwa mikono miwili. Lakini hiyo nyumba ya Buhongwa uliijenga na nani?

Odeta atampokea vizuri, sina shaka. Ila anayemjua yeye ni dada yake wa usichanani. Huyu wa leo hamjui. Hajui chai anaitaka ya moto kiasi gani, hajui anashtushwa na nini, hajui akinyamaza ghafla maana yake nini. Hayo unayajua wewe, na uliyajua bila Kijita.

Na Kijita utajifunza. Usinitajie umri, umefundisha watoto wa watu kusoma na kuandika, leo kaa wewe kwenye dawati. Mtafute Nestory akupe maneno ya kuanzia: maji, baridi, choo, inauma, usiogope. Ukikosea matamshi akacheka, mwache acheke.

Usimlazimishe akukumbuke. Usisimame mbele yake kumwambia "mimi ni mumeo" mpaka atishike. Umesikia alivyokueleza kwa mtu ambaye hakuwa na sababu ya kumdanganya? Wanawake wengi wanaoniandikia hapa wanakumbuka kila kitu kuhusu waume zao, na hawapati hata sifa moja ya kutaja. Wako amesahau jina lako na bado anajua wewe ni mpole. Inauma, najua. Lia, lakini usiingie tena stoo. Lia ukiwa umemshika mkono.

Mzee Luhende, najua unasoma. Shikamoo na wewe. Hiyo sheria ya soda ifuteni. Kila mwezi mnaalika wageni waje wawaelezee uzee, halafu uzee wenyewe ukiingia ukumbini mnauambia ukapumzike nyumbani? Jumamosi yenu ya mkutano ujao mama huyu akae mbele. Akimkatiza mgeni, mgeni asubiri. Habari za kuku hazitaharibika. Na kama hamna la kumwambia, mpeni chai, mkae naye. Mmoja wenu, labda wewe mwenyewe, atakuwa kwenye kiti hicho kesho, akiongea Kisukuma kitupu.

Mwalimu, mkutano huo uwe wa kuagana. Nyumba mwachie jirani unayemwamini, Winnie atawafuata likizo. Anzeni na msimu mmoja huko Majita. Akitulia, bakini. Itafika siku asikutambue hata kama mzee mpole, sitakudanganya kwamba haitafika, na siku hiyo nataka uwe umekaa hapo hapo pembeni yake, unamenya viazi, mtu wa nyumba ile.

Mpigie shemeji yako leo, kabla gazeti hili halijafungiwa maandazi. Mwambie mnakuja wawili.

Shangazi Sada