Jogoo Aliyekula Mashamba

Shikamoo Shangazi,

Huku Kiminini ni baridi, nimevaa sweta mbili. Kila mara wewe huniuliza kazi yangu ni ipi hasa. Sikia basi.

Nimekuja kuwasaidia wakulima wapatane wenyewe ni wapi kando ya mto waache kulima, wapande miti. Leo tulichora kijiji chini, uani kwa mwenyeji wangu, Mama Nekesa. Majivu yakawa mto. Mashamba nilitaka yawe mawe, wakakataa katakata. "Shamba ni mahindi, bana!" Wakamwaga mahindi.

Kutoa kipande cha shamba sasa, hakuna aliyetaka. Kila mmoja alisema jirani aanze. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ndipo jogoo wa Mama Nekesa akaingia, akadonoa mahindi yote ya kando ya mto, shamba baada ya shamba, bila kupendelea mtu.

Watu walicheka hadi machozi. Mzee Wafula, aliyekuwa mbishi kuliko wote, akasema, "Si tuache tu hapo amekula? Huyu hana ndugu hapa." Wakakubali wote!

Jioni jogoo akachinjwa kwa heshima yangu. Firigisi, ambayo huku ni ya wanaume, nikawekewa mimi mwanamke.

"Kula polepole, mwalimu," Mzee Wafula akaniambia. "Shamba langu limepitia humo."

Magoti yako yapate nafuu, Shangazi, nakukumbuka sana. Majirani wakiuliza kazi yangu, waambie tulikuwa wawili, mwenzangu nimemla.

Wako,
Mkamburi