Mto Mkubwa Kuliko Yote Afrika

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Kilosa babu yako bado anakohoa, na mvua zimewahi.

Unauliza mto mkubwa kuliko yote Afrika. Sisi mwalimu alituchorea bara zima ubaoni. Nikauliza, "Mwalimu, Mkondoa wetu uko wapi?" Akacheka. "Mdogo huo, hauingii kwenye ramani."

Masika yale Mkondoa uliingia hadi ndani kwetu. Shule ilipofunguliwa, dawati nililokuwa nakaa na pacha wangu Doto nililikalia peke yangu. Mwalimu akanitazama, akachukua chaki, akauchora Mkondoa, mnene kuliko Naili. Hakuna aliyecheka.

Wewe kwenye mtihani andika Naili, upate vema. Mimi mvua ikianza kupiga bati, sijawahi kuuwaza Naili.

Bibi yako,
Kulwa