Senetwet Niliyokusifia

Ndugu yangu Kiprono,

Chamgei. Tumbo linaendeleaje? Na huko Boito, bado mnachuma majani ya chai kwenye mvua? Mimi niko mzima kiasi. Baridi ya Ujerumani imeanza, na wazee ninaowatunza hawataki kutoka kitandani. Siwalaumu, hata mimi sitaki.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani husikilizwa na boma zima, na haya nataka uyasome kwanza peke yako. Juzi mama aliniambia kwa furaha kwamba umeacha tembe za hospitali, sasa unakunywa mti wa senetwet wa kuchemsha kama mimi. Tangu siku hiyo sina raha.

Mwaka jana, nilipoanza kuhara damu kama wewe, mama alinitumia vijiti vya senetwet kupitia kwa jirani aliyekuwa akija huku. Nikawaza: huu mti, makaa yake ndiyo tunayosugulia kibuyu ili maziwa ya mursik yakae bila kuharibika. Utashindwaje na tumbo langu? Nikaacha dawa nilizopewa hospitali, nikachemsha vile vijiti. Kumbe ukiunywa unaharisha vibaya sana. Siku ya tatu nilianguka kazini nikimlisha mzee uji. Nililazwa siku tisa, nikaongezwa damu.

Daktari, mwanamke wa makamo, hakunicheka. Aliandika jina la mti, akauliza tunautumiaje nyumbani. Akanieleza kwamba wanasayansi wanachunguza mimea mingi kwa ajili ya ugonjwa huu wetu wa vidonda vya utumbo: manjano, hata chai unayochuma wewe. Wanatoa kemikali moja iliyo ndani, wanaipima, na mara nyingi mgonjwa huijaribu huku akiendelea na dawa zake. Baadhi zinatia moyo, nyingi bado hazijulikani.

"Mimea siidharau," aliniambia. "Lakini utumbo wako hautangoja mpaka tumalize kuchunguza."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Sioni kosa la mama kuuamini mti. Kosa ni langu, kwa sababu alipopiga simu kuuliza kama mti umenisaidia, nilikuwa bado kitandani hospitalini. Nikamwona akilini akipanda ule mteremko na panga kunitafutia vijiti, na magoti yake yale. Nikamjibu, "Umenisaidia sana, mama." Nawe ulikuwa kando yake. Ulisikia.

Nisalimie mke wako Chelangat, shangazi Taprandich wa Sotik, na mama mwenyewe. Ukiipata tu barua hii, rudi kliniki, umwambie daktari kila kitu ulichokunywa, usifiche hata kikombe kimoja. Ukirudi, msomee mama barua hii yote. Najua itamuuma, na ukishamsomea nitampigia nimwombe msamaha. Afadhali anikasirikie mimi kuliko akuzike wewe kwa uongo wangu.

Dada yako,
Chebet