Winchi Inaganda, Nalaumiwa Mimi

Shikamoo mshauri. Naomba unisaidie, maana nyumbani nimeambiwa ninyamaze na kunyamaza kumenishinda.

Mimi na mume wangu Masalu tuna karakana ya umeme na kompyuta hapa Nyahanga, Kahama, na mwaka huu tulipata kazi ya kufunga kompyuta ya kuongoza winchi kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la mzee Bujiku kule Rwamgasa, ile winchi inayoshusha na kupandisha wachimbaji kwa ndoo ya chuma, na programu ya ndani kabisa, inayokaa kwenye kerneli, kiini cha mfumo endeshi, na kuiamuru mota, aliiandika Masalu peke yake kwa sababu alisema mimi nimezoea kutengeneza simu, japo chuoni tulikaa dawati moja na mtihani wa mifumo endeshi alikuwa anachungulia kwangu.

Mezani ilifanya kazi vizuri sana, kwa kuwa mezani hakuna kamba wala mtu. Duarani ikaanza kuganda, mara mojamoja, na ikiganda mota inaendelea na amri ya mwisho iliyopewa, na safari hii amri ilikuwa kupanda na ndani ya ndoo alikuwemo Clemens, kaka yangu wa tumbo moja, na kama Mihayo anayesimamia winchi asingekata umeme kwenye swichi kubwa, ndoo ingegonga puli ya juu na kamba ingekatika. Mzee Bujiku akauliza kitu gani kimebadilika pale, mtu mmoja akasema siku hizi kuna mwanamke anasogelea duara, na huo ni mwiko, basi mzee akaniambia, "Mayu, mama yangu, usinichukie, lakini wewe kaa mbali," nami nikamtazama mume wangu anitetee, naye akasema, "Mzee, mambo ya mila mimi siwezi kubisha."

Nikarudi karakana nikaisoma programu yake. Kuna taarifa za mahali ndoo ilipo, zinazotumiwa na pande mbili: programu ya kawaida, na ile sehemu ya katizo inayoamka ghafla kila kihisi cha kamba kinapopiga hodi, na ikiamka, kazi nyingine yote kwenye prosesa inasimama hadi imalize. Masalu ameweka kufuli ili pande hizo zisiziguse taarifa kwa pamoja, sawa, lakini hakuzuia katizo wakati programu ya kawaida imeshika kufuli, kwa hiyo kamba ikitikisika wakati huohuo, sehemu ya katizo inaamka, inakuta kufuli limeshikwa, inabaki palepale ikisubiri liachiwe, na wa kuliachia amesimamishwa na huyohuyo anayemsubiri, na prosesa yenyewe ni moja tu.

Nikaunga kihisi mezani nikakigongagonga kwa kidole, ikaganda. Nikarekebisha nakala yangu, nikagonga tangu asubuhi mpaka kidole kikavimba, haikuganda. Nikamwonyesha Masalu, akasema, "Duarani hakuna vidole." Mama mkwe anasema mke mwema hamvui mumewe nguo mbele ya wateja. Winchi bado inapandisha watu. Nikimwambia mzee Bujiku, ndoa yangu itapona?

Nelly, Nyahanga

Nelly, marahaba. Barua hii sikuiacha isubiri siku ya gazeti, nilikupigia palepale nilipoimaliza. Wasomaji wengine sasa wajue tulichofanya.

Pole sana. Na hongera kwa kupata mume anayeheshimu mila kiasi hicho, hasa mila inayofunika makosa yake. Mama mkwe naye mpe salamu zangu, umwulize kama yuko tayari kupanda ndoo ile kulinda heshima ya mwanawe.

Lakini na wewe sikuachi. Kaka yako ameponea chupuchupu, dawa unayo mezani, halafu unakaa kuandikia gazeti kuuliza habari za ndoa? Nilikwambia umpigie Mihayo kwanza, azime winchi, watu watoke kwa ngazi. Akakuuliza, "Kwa amri ya nani?" Ukamjibu, "Ya dada yake Clemens." Akazima. Hapo ndipo nilipoanza kukupenda.

Kesho yake mzee Bujiku alikuja karakana, akagonga kihisi kwa kidole chake mwenyewe, kompyuta ya Masalu ikaganda mbele yake. Akauliza, "Sasa huyu mama alikosa nini?" Masalu akasema alikuwa karibu kuligundua tatizo. Bila shaka. Hata ndoo ilikuwa karibu na puli.

Sasa sikiliza. Weka marekebisho yako: programu ya kawaida izuie katizo kwanza, ndipo ishike kufuli, ifanye kazi yake upesi bila kulala wala kusubiri chochote, iachie, kisha irudishe hali ya katizo iliyoikuta. Funga pia swichi ya juu inayokata mota ndoo ikiigusa, bila kuomba ruhusa ya kompyuta yoyote. Winchi ibebe magunia ya mawe mpaka mzee Bujiku achoke kuyaangalia, ndipo ipandishe mtu. Kuanzia leo kazi ya mmoja isomwe na mwenzake kabla haijatoka karakana, na akigoma, karakana igawanywe.

Ndoa itapona au haitapona kwa jambo moja tu. Masalu aende Rwamgasa, wachimbaji wakiwa wamekusanyika, aseme kosa lilikuwa lake na si lako. Aseme kwa Kisukuma, bila maneno ya kompyuta, asipate pa kujificha. Wewe simama hapo kando yake, na akikwama, usimsaidie hata neno moja.