Vikapu Viwili Kanisani

Jumanne, tarehe 14, saa kumi jioni

Mama mpendwa,

Nimefika, Mama! Mimi ambaye sikuwahi kuvuka hata mpaka wa wilaya, leo nimekanyaga mawe yaliyokanyagwa na Wakristo wa kwanza. Ngazi za kushukia kanisa la chini ya ardhi ni themanini na tatu. Nimeziandika kwenye shajara. Zimelika katikati kama ubao wa kukatia mboga. Mwalimu mstaafu niliyesafiri naye alivua viatu, miguu imemvimba. Nikamtania, "Mitume walitembea nchi nzima!"

"Mitume hawakuwa na kisukari, binti yangu."

Tulicheka hadi kiongozi wa msafara wetu wa hija akatukazia macho.

Humo chini mna vikapu viwili vya karatasi za maombi, kimoja cha walio hai, kingine cha marehemu. Niliandika jina la kitindamimba wako kama ulivyoniagiza, kisha sikujua niitie karatasi kikapu kipi. Miaka sita bila simu wala salamu. Baba ameshasema tumhesabu marehemu, na wewe hukujibu neno.

Mtawa akanisogelea. "Umekwama, dada?"

"Ndugu yangu amepotea, sista."

"Mna kaburi lake?"

"Hatuna."

"Basi unasubiri nini?"

Mama, nimemweka kwa walio hai! Baba akikasirika, mwambie ni mimi niliyeamua. Na kama ulikuwa ukimwombea kimoyomoyo, sasa mwombee kwa sauti, hata Baba akiwa mezani.

Ni mimi kifunguamimba wako, mwenye vumbi hadi magotini na furaha hadi utosini.