Kicheko Kwenye Pakiti

Bagamoyo, 12 Januari 2025

Mwanangu Naila,

Assalaam aleikum. Mko salama huko Mwenge? Kikohozi cha mtoto kimepoa? Mimi mwili mzima, Alhamdulillahi. Moyo ndio usiulize. Leo siku ya kumi tangu tumzike Alawi, na asubuhi bado namimina chai vikombe viwili.

Usishangae kupata barua. Simu nimempa jirani yangu Samia aifungie kabatini kwake. Niko edani, sitaki kupigiwa na wanaume wa oda. Hii ataileta Seleman na gari la bizari.

Jana walikuja wanawake wa Pangani kunipa pole. Nimekaa mkekani, nguo nyeupe, sina wanja, sina hata pete. Mmoja akaingia jikoni kusaidia, akatoka na pakiti yetu mkononi. Akaitazama, akanitazama. Bizari ya Bi Sihaba, na mimi huyo: wanja mpaka pembeni, kidani cha dhahabu, mdomo wazi nacheka.  Aliilaza kifudifudi mkekani, kama mtu anayemfunika mwenzake aliyevukwa na nguo.

Nilishtuka mpaka nikasahau kuitikia dua. Miaka sita uso ule unapita mikononi mwangu, sijawahi kuuona. Na wanasema stendi ya Chalinze niko kwenye bango kubwa kuliko nyumba hii. Mjane gani yuko ndani na yuko stendi?

Nitolee uso wangu, mwanangu. Miezi minne na siku kumi, basi.

Shangazi yako,
Sihaba


Dar es Salaam, 15 Januari 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, kikohozi kimekwisha. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nisamehe. Nilikuwa msibani siku zote zile na halikunipitia akilini.

Lakini shangazi, nikwambie ukweli wa dukani. Hakuna anayesema nipe bizari. Wanasema nipe ya yule mama anayecheka. Wengi hawasomi jina. Nikitoa uso leo, wiki sita kabla ya Ramadhani, wataona pakiti ngeni na kudhani ni ya bandia. Na wale wanawake kumi na mmoja wanaochambua na kusaga hapo Dunda wote wanaitegemea Ramadhani.

Tuvumilie mpaka Idi. Au nimwambie fundi afute kidani na wanja kwenye kompyuta, ubaki na uso mtupu?

Mwanao,
Naila


Bagamoyo, 18 Januari 2025

Naila,

Salaam. Mimi mzima, na hasira nazo nzima.

Unifute wanja? Mjane anayecheka bila wanja ndiye afadhali? Nimefundisha miaka ishirini na mbili kabla ya kushika kinu, nimesoma vitabu na magazeti ya kila namna, na sijaona hoja nyepesi kama hiyo. Unaniambia watu wananunua uso. Basi tumewauzia nini miaka yote hii? Iliki yetu inatoka Amani, mdalasini tunauchagua kijiti kwa kijiti, halafu kinachouzwa ni meno yangu? Kama bizari haiwezi kusimama bila mimi, haikuwa bizari, ilikuwa mimi nimesagwa.

Na kumbuka ile picha umeitoa wapi. Ni ya harusi yako. Alawi alikuwa kaketi kushoto kwangu, akaninong'oneza neno, nikacheka. Ukamkata, ukaniacha mimi. Chukua pakiti uitazame: pembeni, chini ya neno "asilia", kuna kipande cheupe. Watu wanadhani ni pambo. Ni bega la kanzu ya mume wangu.

Kicheko kile alikisababisha yeye, naye yuko kaburini. Kitoe.

Shangazi yako,
Sihaba


Bagamoyo, 3 Machi 2025

Naila,

Sikusalimii kwanza. Wiki sita hukunijibu, na leo nimejibiwa na redio.

Jana, siku ya pili ya Ramadhani, Samia kafungulia redio tusubiri adhana. Nakoroga uji. Nikasikia mtu anacheka, nikamwambia Samia, huyu mwanamke kicheko chake kama changu. Kisha akasema, kwa sauti yangu hii: "Futari bila bizari yangu? Mume wangu Alawi anasema afadhali alale na njaa."

Sijapata kuyasema maneno hayo. Mwiko ulianguka ndani ya uji. Samia alikuwa ananitazama mimi, kisha redio, kisha mimi, kama anayetaka kujua yupi kati yetu ndiye.

Baada ya tarawehe shemeji yangu Mwinyijuma akaja, akasimama nje ya mlango. Hakupandisha sauti. "Shemeji," akasema, "Alawi anasema?"

 Jibu lake nitafutie wewe. Umemfufua ndugu yake auze bizari.

Sihaba


Dar es Salaam, 4 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, hata kama hutaitika.

Barua yako ya Januari iko kwenye mkoba wangu tangu siku ile. Sikujibu kwa sababu sikuwa na jibu, nikajiambia Ramadhani ipite kwanza. Huo ndio ukweli wangu.

Sauti ile imetengenezwa na kompyuta. Mtu wa matangazo aliilisha video zako za zamani, zile ambazo kila ukipika unasema "Alawi anasema". Niliidhinisha Desemba, mjomba Alawi akiwa hai. Sikuisikiliza. Nilijua watu wanaipenda sauti yako, nikaona inatosha. Jana nimeisikia kwenye gari, nikaegesha pembeni.

Tangazo limesimamishwa leo asubuhi. Bango la Chalinze linashushwa kesho, nitakwenda kusimamia mwenyewe. Pakiti mpya hazina uso wala jina lako. Zimeandikwa Bizari ya Dunda, basi. Kwa Mzee Mwinyijuma nitakuja kwa miguu yangu.

Mwanao, kama bado,
Naila


Dar es Salaam, 6 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ahsante kwa salamu ulizompa Seleman; alipozitamka nililia mbele yake. Umebakiza siku nne kutoka eda, Mungu akutoe salama.

Nina habari na sijui niite njema. Machi wenye maduka Chalinze walirudisha maboksi, wanawake wa Dunda wakakaa nyumbani wiki mbili. Kisha oda zikarudi, zikapita za mwaka jana. Nikaenda kujionea. Mteja mmoja, mwanamke wa Miono, akasogea dirishani akasema, "Nipe ile ya mama wa eda." Muuzaji akampa ya kwetu bila kuuliza. Wameijua habari yote, shangazi: mjane aliyejitoa kwenye pakiti kwa heshima ya mumewe.

Mtu wa matangazo anataka tuliandike jina hilo kwenye pakiti. Nilimfukuza. Kisha nikamwita tena anieleze vizuri. Hilo nalikiri. Nikuulize wewe.

Mwanao,
Naila


Bagamoyo, 12 Mei 2025

Mwanangu Naila,

Wa aleikum salaam na marahaba. Nimetoka juzi. Nimeoga, nimevaa doti mpya, Mwinyijuma kanisomea dua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimejificha ndani miezi minne, kumbe kujificha kwenyewe kumekuwa bango. Sikujua kama mtu anaweza kuuzwa kwa kutokuwepo. Jibu ni hapana. Watu wana midomo yao, waseme. Sisi tusiandike.

Bizari ni yako na ya wale kumi na mmoja. Nitakuja kuonja ikiharibika, na nitagomba. Zaidi ya hapo mimi ni Sihaba wa Alawi, sina pakiti.

Ninachotaka ni kimoja. Ile picha ya harusi, kabla hujaikata. Miezi minne nimejaribu kukumbuka aliniambia neno gani hata nikacheka vile, na silikumbuki. Nchi nzima ina kicheko, mimi sina neno.

Niletee nimwone mdomo wake. Huenda nikalisoma.

Shangazi yako,
Sihaba