Mama, Chapati Zimerudi Mezani

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, na wifi yangu Adelina akinisikia atasema nimeanza kuchanganyikiwa. Lakini sijawahi kuingia kwako bila kukuamkia, wala sioni kwa nini nianze leo. Nimekuja na habari mbaya. Chapati zimerudi kwenye meza yako ya Krismasi, na nimeona heri uisikie kwangu.

Unakumbuka nilivyofika Bombambili nikiwa bibi arusi, mashavu yamejaa, nguo zinanibana? Kwetu Namtumbo tulikula ugali wa mahindi na muhogo, ngano tuliionja kwenye sikukuu tu. Kwako chai bila andazi haikuwa chai. Basi nikala maandazi, nikala na chapati zako ambazo mtaa mzima ulizisifia, na tumbo likaanza kunisumbua. Likijaa gesi, nakimbilia chooni. Likitulia, sina nguvu hata ya kukanyaga cherehani. Nilikonda mpaka majirani wakaanza kunong'ona juu yangu. Mmoja alikuuliza kama mkweo amepima, nawe ukamjibu kwamba amepima, na kama anataka majibu aje na yake tubadilishane. Nilicheka siku hiyo, na mimi nilikuwa nimesahau kucheka.

Ukaamua kuninenepesha kwa mikono yako. Ukachanganya unga wa lishe mwenyewe: mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano. Kila asubuhi ulisimama mbele yangu mpaka kikombe kiishe. Nami nikazidi kukonda.

Daktari alipotueleza kwamba utumbo wangu hauipokei ngano, wala shayiri, ulimuuliza, "Hata ya kwenye uji?" Akasema hasa hiyo ya kwenye uji, maana naipata kila siku. Tukarudi nyumbani. Ulibeba ndoo nzima ya lishe ukawamwagia kuku, kisha ukaketi kwenye kizingiti cha jiko ukalia. Ulisema umenilisha sumu kwa mkono wako. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yako nikifikiri kwamba hakuna mtu mwingine, tangu mama yangu mzazi afariki, aliyewahi kusimama mbele yangu kuhakikisha nimemaliza kikombe. Sikukuambia. Nakuambia sasa.

Krismasi ya mwaka ule Adelina alikuja kutoka Makambako na mfuko wa unga wa ngano kama kawaida yake. Ulimpokea, ukawabusu wajukuu wako, halafu ukamwambia unga aupeleke kwa jirani. Akashangaa. Akauliza, kwani asiyekula si mmoja? Ukamjibu, "Nyumba hii Krismasi hatuli ngano." Ulisema hatuli, Mama. Nilikuwa nachambua mchele, na nikauinamia ule ungo ili nisionekane.

Na sikukuu ikawa sikukuu. Vitumbua, mkate wa kumimina, pilau, magimbi, muhogo wa kukaanga, kuku wa kienyeji, na nguruwe ambaye Baba, mumeo, hakubali mtu mwingine amchome. Baba alikuuliza kama na bia yake inahamishiwa kwa jirani, maana amesikia ina shayiri. Ukasema bia yake abaki nayo, ila asinipe. Baada ya chakula hakuna aliyeulizia chapati, au kama yupo alimeza swali lake.

Vile vitumbua vya kwanza viliniumiza, unakumbuka? Tukahangaika kujua kosa liko wapi, mpaka wewe mwenyewe ukaenda kusimama mashineni ukaona wanasaga lishe ya watu, kisha wanamimina mchele humo humo. Kuanzia hapo mchele wetu ukatwangwa nyumbani. Ulitoa kinu, ukatangaza kwamba anayetaka kula atwange, na hukubagua. Mume wangu Festo alitwanga na shati lake jeupe la kanisani, akatoka amechafuka unga mpaka nyusi. Baba alitwanga mara chache akadai mgongo unamuuma. Ilikuwa kelele tupu, na mimi niliamini kwamba wote wale wanatwanga kwa ajili yangu.

Miaka ikapita hivyo, halafu mwaka jana presha ikakuchukua, wiki moja baada ya Pasaka.

Krismasi iliyofuata Adelina aliingia jikoni kwako, na ni haki yake, yeye ndiye mtoto mkubwa wa kike. Sitaki umfikirie vibaya. Alinikumbuka. Alinichemshia viazi vitamu, akaviweka kwenye bakuli la peke yake lenye mfuniko, akaliweka pembeni na kuwaambia watoto wasiguse, hicho ni chakula cha mgonjwa. Kisha sinia la chapati likapita. Mtu akasema leo ndiyo Krismasi imerudi. Wakacheka. Festo alichukua ya kwanza, akachukua ya pili, anakunja na kuchovya kwenye mchuzi. Nami nimekaa na bakuli langu mapajani kama mtu aliyelazwa.

Mama, nilinyoosha mkono nikachukua chapati. Sikuwa na njaa wala uchu. Niliishika kwanza, nikaikata polepole, nikaipeleka mdomoni polepole zaidi, kwa sababu nilikuwa nasubiri mtu aninyang'anye. Yeyote. Wewe ungeirusha nje kwa kuku kabla sijafungua mdomo. Hakuna aliyeninyang'anya. Adelina ndiye aliyeona, akasema kwa furaha ya kweli kabisa, "Kumbe unaweza." Nikaimaliza yote. Sikukuu iliyobaki niliimalizia chooni na kitandani, na watu waliambiwa nimechoka na kushona.

Nilibeba jambo hilo mwaka mzima. Juzi Festo aliponiuliza nguo za Krismasi za watoto wa Adelina zimefika wapi, nikamwambia nguo ziko tayari, ila mwaka jana nilikuwa namsubiri anizuie.  Akasema, "Mimi nilidhani ni mambo ya Mama."

Mambo ya Mama. Hakuwa na ubaya aliposema, ndiyo maana imeniuma hivi. Kumbe miaka yote ile, kile kinu, zile kelele, lile shati jeupe, walikuwa wanakutii wewe. Mimi sikuwamo. Nilidhani nina familia kubwa, kumbe nilikuwa na wewe. Nililia msiba wako mara moja, na tangu juzi naulilia upya, tena vibaya zaidi, maana safari hii najua nilichopoteza.

Nimemwambia Festo kwamba mwaka huu sitaenda kuketi na bakuli lenye mfuniko. Nitapika kwangu, huku tulikohamia, na mlango utakuwa wazi kwa wote. Adelina nilimpigia simu, akasema watajadiliana. Baba amesema miguu inamsumbua, tuone siku hiyo itaamkaje. Festo amefikiri sana, akasema atakula kwangu kidogo, halafu ataenda kwao. Nimemwambia sawa.

Usiwagombeze huko uliko. Pumzika, Mama. Ulifanya kazi ya watu wengi peke yako, nami sikuliona hilo mpaka ulipoondoka. Leo mchana nimeloweka mchele, na nilipoutazama ndani ya beseni nikagundua nimepima wa ukoo mzima. Sijaupunguza. Kupika chakula cha mtu mmoja hukunifundisha.

Ni mimi mkweo,
uliyezoea kuniita mwanangu.